Arobaini ya Loizos

Gavana Sir Aubrey Wetherden alikuwa na albamu ya ngozi nyekundu, na mimi niliipangusa vumbi kila Jumatatu. Hiyo ilikuwa kazi ya nyongeza. Kazi yangu hasa ilikuwa kufua na kupiga pasi katika nyumba yake ya kiangazi kule juu Troodos, ambako serikali nzima ya Kupro ilihamia joto lilipozidi Nicosia. Nilifanya kazi pale viangazi viwili, na sidhani kama aliwahi kuniona uso. Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa. Ndivyo nilivyo mpaka leo, hata kwa jirani.

Ndani ya albamu ile alikuwa amepanga maisha yake yote ya kazi. Ukurasa wa kwanza ni kijana mwembamba wa ubalozi, Basra, amekaa mkekani anakula kondoo kwa mkono. Unaofuata yuko Uchina, ameshika vijiti viwili na masharubu yameanza kujaa. Kisha kisiwa fulani cha Karibi, sasa ni msaidizi wa gavana, anang'ata samaki mzima. Kisha visiwa vya Pasifiki, gavana kamili, kofia ya manyoya iko magotini na mdomo umejaa nyama ya nguruwe. Kila ukurasa cheo kimepanda, tumbo limeongezeka, na kila ukurasa anakula. Chini ya kila picha aliandika maelezo kwa wino wa kijani. Watu waliomzunguka walikuwa wakimtazama tu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakula naye.

Wageni wakija aliwafunulia albamu na kusema, "Sijawahi kutawala kwa bunduki. Natawala kwa kijiko." Wageni walicheka. Mkewe alicheka pia, ingawa alikuwa ameshalisikia neno hilo mara mia. Baada ya Kupro, alikuwa akiwaambia, Aubrey atapewa koloni kubwa la Afrika, lenye maziwa makuu na reli. Ilikuwa imebaki barua ya uteuzi tu. Na ukurasa wa mwisho wa albamu ulikuwa mtupu, ukisubiri picha ya Kupro.

Kiangazi cha tatu sikuitwa kazini. Kaka yangu Loizos alikuwa ameshakamatwa.

Loizos alichunga mbuzi wetu katika msitu wa juu ya kijiji cha Lithari, kama baba alivyowachunga kabla yake. Ikatoka amri kwamba mbuzi wanaharibu misonobari ya serikali, na wote watoke msituni. Hatukuwa na malisho mengine. Walinzi wa msitu wakaja alasiri moja na bunduki, wakaua mbuzi wetu thelathini na mmoja, wakawaacha palepale. Wiki moja baadaye kibanda cha walinzi kiliungua, na mlinzi mmoja akafia ndani. Mimi nilimuuliza Loizos mara moja tu, gerezani. Akaniambia, "Stallou, siku ile nilikuwa mjini nafuata chumvi." Mwenye duka la chumvi alisema hivyo hivyo mahakamani, kwa kiapo. Hakimu aliandika, akafunga daftari, akamhukumu kunyongwa.

Kijiji kizima kiliweka dole gumba kwenye barua ya kumwomba gavana amwachie Loizos roho yake. Barua ilirudi na maneno matatu pembeni, kwa wino wa kijani: Kisiwa kinahitaji mfano. Mwandiko ule sikuhitaji kuambiwa ni wa nani.

Walimnyonga Jumanne asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Maiti hatukupewa, alizikwa ndani ya ukuta wa gereza la Nicosia, na mama hakumwosha mwanawe. Na kabla machozi hayajakauka ikaja amri nyingine, ikabandikwa mlangoni pa kanisa. Yeyote atakayekusanya watu, kupiga kengele au kufanya ibada kwa ajili ya Loizos Hajikosti, miezi sita jela. Sahihi yake ilikuwa ya kijani.

Sasa, kwetu mtu akifa, siku ya arobaini lazima ipikwe koliva. Unachemsha ngano nzima mpaka ipasuke, unaichuja, unachanganya na ufuta, lozi, zabibu kavu, mdalasini na punje za komamanga. Juu unafunika kwa sukari nyeupe kama shuka, na juu ya sukari unapanga lozi kwa herufi za jina la marehemu. Padri anaisomea. Kisha kila mtu anachukua kijiko chake, anasema, "Mungu amsamehe," anakula. Maiti isiyofanyiwa hivyo, wazee wetu wanasema, inabaki imesimama mlangoni. Mama alilia zaidi kwa ajili ya koliva kuliko alivyolia siku ya kamba. Alitaka kitu kimoja tu duniani, arobaini ya mwanawe. Mimi nilitaka hicho, na nilitaka kingine pia. Nilitaka mtu yule aumie mahali ambapo panamuuma.

Siku ya thelathini na tatu, Hajipavlos, mkuu wa kijiji, alikuja nyumbani na kofia mkononi.

"Dada Thekla," akamwambia mama, "Jumamosi ijayo mfunge mlango mkae ndani. Nakuomba kwa roho ya marehemu mumeo."

"Kuna nini Jumamosi?"

"Gavana anakuja. Ana lodi mmoja, bwana mkubwa wa Bunge lao, kutoka London na mpiga picha wa gazeti. Anataka waone kwamba Lithari imetulia."

Mama alihesabu kwa vidole, taratibu. "Jumamosi ni arobaini ya Loizos."

"Najua, dada. Ndiyo maana nasema mfunge mlango."

"Atakula nini?" nikauliza.

Wote wawili waligeuka. Hajipavlos alinijua tangu nazaliwa, na sidhani kama alikuwa ameshanisikia nikiuliza kitu.

"We binti, barua ya mkuu wa wilaya imekataza apikiwe karamu. Anataka ale kile kile kinacholiwa kijijini siku hiyo. Ndivyo alivyo, bwana yule. Mkuu wa wilaya ameniambia hata chawa atawala ukimwekea chumvi."

"Basi Jumamosi Lithari inakula koliva," nikasema.

Hajipavlos alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Atajua," akasema.

"Hatajua. Yuko kisiwani mwaka wa tatu tu, na chakula chetu ameletewa na wapishi. Nani angempikia koliva mtu aliye hai?"

"Ataona herufi. Kigiriki anakisoma."

"Anakisoma kile cha miaka elfu mbili iliyopita. Akiongea, wapishi walikuwa wanadhani anasoma Injili huku anakohoa. Aone herufi. Akiuliza, nitamjibu mimi."

"Wewe!" akasema Hajipavlos. "Wewe ambaye ukitumwa kiberiti dukani unanyoosha kidole!"

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Hajipavlos alipoondoka alinigeukia kwa hasira. "Koliva ni sala, Stallou. Si mtego wa panya."

"Sala umekatazwa, mama. Ukichemsha ngano Jumamosi kwa ajili ya mwanao, ni miezi sita. Ukichemsha kwa ajili ya gavana, ni ukarimu."

"Na anayeila ndiye anayemwombea. Unataka muuaji amwombee mwanangu?"

"Ndiyo. Mbele ya watu, kofia iko mkononi. Hakumpa huruma alipokuwa hai, basi ataitoa kwa mdomo wake sasa, na mtu wa gazeti atampiga picha."

 Mama akaenda stoo, akarudi na gunia la ngano, akaanza kuchagua mawe. Hakusema ndiyo. Ila alichagua punje moja moja, kama anayemchana mtoto nywele.

Papa Savvas, padri wetu, alikataa katakata. "Nina watoto saba," alisema. "Sisomi hata herufi moja. Msiniponze."

"Hatukuambii usome, Papa," nikamwambia. "Uje tu, na kitabu kwapani."

"Kitabu cha nini kama sisomi?"

"Katika picha zake, kila mahali, pembeni kuna mzee wa dini amenyoosha mikono. Huwa gavana mwenyewe ndiye anayetaka sala isomwe. Subiri uombwe."

Papa Savvas alivuta ndevu. "Nikiamriwa na gavana," akasema polepole, "si nitakuwa nimeamriwa na gavana?"

Ijumaa tulichemsha ngano uani, mchana kweupe, wanawake tisa. Aliyepita aliona. Hakuna aliyekwenda kushtaki. Jumamosi asubuhi nilipanga herufi mwenyewe, lozi zilizomenywa, kubwa, lamda na ki, herufi za kwanza za Loizos Hajikosti kwa Kigiriki. 

Walikuja saa nne kwa magari matatu. Kwanza aliteremka Sajini Shevket na askari wanne. Huyu Shevket ni Mturuki wa kijiji cha bondeni, amekulia katikati yetu. Sinia lilikuwa tayari mezani mbele ya kanisa, limefunikwa kitambaa, na kazi yake ilikuwa kukagua kila kitu. Akainua pembe ya kitambaa. Akaona sukari, akaona herufi. Ameila koliva ya majirani tangu mtoto, hakuhitaji mfasiri. Akanitazama. Nikajua tumekwisha.

"Nani amepika?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama."

Alimtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni pa kanisa kama mti. Kisha akashusha kitambaa, akakinyoosha vizuri kwa vidole viwili.

"Hakuna silaha hapa," akawaambia askari wake, akaenda kusimama mbali, akitupa mgongo.

Gavana aliteremka, mkubwa, mwekundu, suti nyeupe. Nyuma yake lodi, mzee mkavu aliyekuwa anafukuza nzi, na kijana wa gazeti na kamera yake ya miguu mitatu. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama nusu duara, nguo nyeusi. Hakushangaa. Wanawake wetu huvaa nyeusi nusu ya maisha yao, na alishazoea.

"Enyi watu wa Lithari," akaanza na Kigiriki chake, "salamu ziwe juu yenu!"

"Na juu ya punda wetu," akanong'ona Bibi Despinou nyuma yangu. Mtu akamfinya.

Akahutubia kidogo. Yaliyopita yamepita. Serikali ni baba, na baba huchapa kwa uchungu. Nilimwona mama akifumba macho. Kisha gavana akasugua viganja na kusema alichokuja kusema. "Basi, leo kijiji kinakula nini? Nami nitakula hicho."

Hajipavlos alinitazama.  Mimi nikaondoa kitambaa.

"Tazama, tazama!" gavana akamwambia lodi. "Kazi ya mikono hii! Na hizi herufi, binti? Ni jina la nani?"

Nilikuwa nimejiandaa siku saba. Nikainua kichwa, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza, na maneno yakatoka madogo lakini yakatoka.

"La kaka yangu, Mheshimiwa. Leo ni siku yake."

Sikusema uongo. Kwetu kila mtu ana siku ya mtakatifu wa jina lake, tunaisherehekea kuliko siku ya kuzaliwa, na hilo alikuwa amelisoma vitabuni. Uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu anayejua. "Siku ya jina lake!" akamwambia lodi. "Wana desturi hiyo, nitakueleza." Nikainamisha kichwa, kama kawaida yangu. Yeye akachukua aibu yangu kuwa ndiyo.

"Na yuko wapi mwenye siku?"

"Yuko Nicosia, Mheshimiwa."

"Basi tutamlia na kumnywea. Padri! Kabla hatujala, kuna sala? Naomba ufanye kama mnavyofanya siku zote. Usipunguze chochote kwa sababu yangu."

Papa Savvas akatoa kitabu kwapani. "Mheshimiwa anaamuru?"

"Naamuru!" akasema gavana, akacheka.

Basi Papa Savvas akafungua kitabu. Mwanzo sauti ilikuwa inakwaruza, halafu ikapata njia. Alisoma ibada yote ya arobaini, hakuruka mstari, na alipofika mahali pa jina alisema Loizos, akarudia Loizos. Gavana alivua kofia. Lodi akavua. Askari wakavua. Watu wa Lithari wakapiga magoti, wote kwa pamoja, na mama akapiga yowe moja fupi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kijana wa gazeti alikuwa ameinama chini ya kitambaa cha kamera. Nilisikia kamera ikilia mara tatu.

Nikampa gavana kijiko.

"Na husemwa nini?" akaniuliza.

"Mungu amsamehe, Mheshimiwa."

"Hata siku ya furaha mnakumbuka dhambi!" akamwambia lodi. "Watu wa ajabu." Akajaza kijiko, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mungu amsamehe!" Akala. Akajaza tena. Akasema ni tamu, akauliza kama lile ni komamanga. Kisha Hajipavlos, aliyekuwa hajui afanye nini na mikono yake, akamtilia glasi ya pombe ya zabibu, na gavana akaiinua juu ya sinia la kaka yangu na kutamka salamu yetu ya siku ya jina.

"Miaka mingi kwake! Aishi miaka mia!"

Hakuna aliyejibu.  Kisha mmoja mmoja tukasogea, kila mtu na kijiko chake, "Mungu amsamehe, Mungu amsamehe," watu mia tatu. Wa mwisho alikuwa Sajini Shevket, alisogea bila kuniangalia, akala, akasema vivyo hivyo kwa Kituruki. Gavana alikuwa anatabasamu katikati yetu. Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, watu kula pamoja naye.

Picha ilitoka London kwanza. Chini yake waliandika kwamba gavana anashiriki sherehe ya wanakijiji wenye furaha. Siku kumi baadaye gazeti la Athens liliichapa upya, kubwa, na mtu fulani wa pale alisoma herufi juu ya sukari na kuhesabu siku. Hakuna aliyetuuliza sisi. Magazeti ya London yakalidaka. Bungeni kwao mtu akasimama na kuuliza swali fupi. Je, gavana wa Kupro hakujua anakula nini, au alijua?

Hapo ndipo palipomuuma. Nilikuwa nimepangusa albamu ile viangazi viwili, nilijua pale patamuuma. Akisema hakujua, basi miaka thelathini ya kutawala kwa kijiko ni uongo, ni mtu anayekula asichokijua mbele ya watu asiowajua. Akisema alijua, basi ameamuru mwenyewe ibada aliyoipiga marufuku kwa sahihi yake, kwa ajili ya mtu aliyemnyonga.

Mkuu wa wilaya alikuja mbio na daftari kutuhoji.

"Nani alifanya ibada?" akamuuliza Papa Savvas.

"Mimi."

"Hukuiona amri mlangoni?"

"Niliiona. Halafu aliyeiandika akaniambia nifanye bila kupunguza. Kuna mashahidi mia tatu, bwana, na lodi mmoja. Utamfunga nani kwanza?"

"Msinichezee!"

"Tukuchezee wewe?" akasema Bibi Despinou kutoka dirishani. "Wewe hata hukuonja!"

Mkuu wa wilaya alifunga daftari. Kutushtaki sisi, ilibidi amshtaki bwana wake. Akapanda gari, akaondoka.

Gavana alichagua kusema alijua. Aliandika kwamba alikula kwa heshima ya mila na kwa ajili ya amani. Mwalimu wa shule alitusomea hayo gazetini mbele ya kanisa, na mama aliomba arudie. Kwa hiyo imeandikwa, kwa serikali yake, kwamba Sir Aubrey Wetherden alimwombea Loizos Hajikosti msamaha. London hawakuipenda heshima hiyo. Barua aliyokuwa anaisubiri ilikuja kabla ya Krismasi, na haikuwa na maziwa wala reli. Walimpeleka visiwa vya kusini kabisa mwa dunia, vya mawe, upepo na kondoo, ambako, mwalimu alisema, watu ni wachache kuliko Lithari na jirani zake.

Mama sasa analala usiku. Husema imetosha, tumwache mtu wa Mungu. Mimi sijamwacha. Kaka yangu bado yuko ndani ya ukuta wa gereza, na kila nikipita msituni naona mahali mbuzi wetu walipoozea.

Niliomba picha ile kwa mwalimu, naye akanikatia vizuri kwa mkasi. Yumo gavana, glasi juu, sinia mbele yake, herufi zinasomeka. Nyuma ya karatasi nikaandika kwa penseli, kwa herufi zangu kubwa, maana shule niliacha darasa la tatu. Niliandika: Loizos Hajikosti, mchungaji, miaka 22. Kupro. Sikuandika kingine. Nikaenda posta ya mjini kwa miguu.

Karani aligeuza bahasha. "Kwa gavana wa zamani? Binti, umemwandikia nini mtu huyu?"

"Ni picha," nikasema.

"Picha ya nini?"

"Ya albamu yake. Kuna ukurasa aliubakiza."

Karani akagonga muhuri.